Ziwa la Siku Sita

Kaka yangu alivunjwa paja na kiboko asubuhi kweupe, watu wakitazama. Alikuwa anavuta nyavu kwenye ziwa letu dogo lililo nyuma ya mashamba ya mpunga, upande wa Umwe, lile ambalo mto hulijaza wakati wa mafuriko na kulisahau kiangazi. Kiboko hakuwa na ugomvi naye. Alikuwa na mtoto, na mtumbwi ukapita katikati yao. Wenzake walimtoa majini, wakambeba kwa kitanda cha kamba hadi barabarani, lori la mbao likampeleka hospitali. Alirudi baada ya miezi mitatu, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, akakaa barazani na kuanza kututazama sisi wanawake tukifanya kazi.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani mwaka huohuo kutoka Mahege, na talaka yangu kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Miaka tisa ya ndoa, hakuna mtoto. Mume alioa mwingine, naye akapata mtoto upesi, na hapo hapakuwa na la kujadili. Kaka alinipa chumba cha uani. Wifi yangu, mkewe, alikuwa ametoka kujifungua, hata arobaini hajamaliza. Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa na mtu mmoja mwenye miguu miwili mizima na mikono mitupu, na mtu huyo ni mimi.

Kaka alikuwa na mshirika wake wa kuvua, Mmatumbi aliyeshuka kutoka milimani baada ya kufiwa na mke. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye miguu kama pondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi. Kwao milimani maji ni ya kuchota, kwa hiyo kuogelea alijifunza ukubwani na hakuwahi kuhitimu. Sisi Wandengereko na wao tunataniana, basi mimi nilimwita mtani, naye aliniita hivyohivyo, na sikumbuki kama kuna siku tuliitana vinginevyo.

Siku moja alikuja akakaa barazani na kaka. Mimi nilikuwa uani natwanga.

"Nyavu zikikaa darini panya watazimaliza," alisema.

"Tafuta mtu," kaka akamjibu.

"Nimetafuta. Siku hizi kila mtu ana mtumbwi wake."

Nikauacha mchi ndani ya kinu, nikatokea mlangoni. "Nitakwenda mimi," nikasema.

Kaka alicheka kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali. "Wewe? Ukifika katikati utataka kurudishwa."

"Nikitaka, nirudisheni."

Mtani alinitazama mikono, si uso. "Kafi unaijua?"

"Mimi nilizaliwa kwenye dungu juu ya nguzo, mafuriko yakipita chini ya kitanda cha mama. Wewe uliyezaliwa juu ya jiwe ndiye wa kuulizwa."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Ningependa kusema nilianza kwa ushujaa, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kutazamwa kama mtu anayekula bure.

Kazi ile sikuijua mpaka nilipoifanya. Tulitega jioni na kutegua alfajiri, na katikati yake kulikuwa na mpunga, kuni, maji, chakula cha kaka na nepi za mtoto wa wifi. Nyavu zikilowa huwa nzito kama maiti. Uzi wa nailoni hukata pale vidole vinapokunjwa, kidonda kikitaka kufunga unakifungua tena kesho yake. Mwezi wa kwanza nilikuwa nashika kijiko kwa viganja viwili. Kule gatini wazee wawili watatu walisema mwanamke akipanda mtumbwi samaki hukimbia. Mmoja alimwita mtani pembeni akamweleza siku ambazo asiniruhusu kuingia majini. Mtani alirudi, akaniambia yote bila kunitazama, kisha akauliza, "Tunakwenda au hatuendi?" Tukaenda. Nilikuwa nimechoka mno hata kukasirika.

Miaka ile ndiyo neno "ruksa" lilikuwa kinywani mwa kila mtu. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni ilianza kuuzwa juu ya meza kando ya barabara, pamoja na betri za redio, nguo za mitumba, na nyavu za nailoni zilizofungwa kwenye mifuko kama mikate. Hizo nyavu ndizo zilizotugusa sisi. Kabla yake kaka alisuka za kwake mwenyewe, jicho baada ya jicho, masika yote, na maboya alikata kwenye ndala zilizochakaa. Sasa mtu alishuka kwenye basi na nyavu zilizo tayari, kesho yake ni mvuvi. Wengi walikuwa wamepunguzwa kazi viwandani Dar es Salaam, wakarudi kwa wajomba zao kutafuta pa kuanzia. Siwalaumu. Nami nilikuwa nimepunguzwa, kwa namna yangu. Ila macho ya nyavu zao yalikuwa madogo, hayapitishi hata kidole, na gari lenye makasha ya barafu lilisimama barabarani kila siku ya pili kuchukua samaki, wakubwa kwa wadogo.

Kiangazi cha pili tulikuwa tunavuta nyavu na kutoa perege wa ukubwa wa jani la mwembe.

"Mtani," aliniambia asubuhi moja, "hapa tunavua maji."

Ndipo akanieleza habari za ziwa moja la juu. Alipokuwa kijana aliwahi kubeba mizigo ya wawindaji huko, mbali kupita vijiji vya mwisho, mahali ambapo mto unatoka porini. Alisema kwa pondo ni siku sita. Alisema kambale wa kule akilala ndani ya mtumbwi, mkia unabaki nje. Nilimwambia Wamatumbi wote ni waongo, na jioni ileile nikaanza kutwanga mpunga wa safari.

Kaka hakutaka. "Mwanamke na mwanamume porini, siku zote hizo? Watu watasema."

"Walisema nilipoachwa," nikamjibu. "Wakasema nilipopanda mtumbwi. Wana kipya gani?"

Alipapasa paja lake. Kisha akamwambia mtani, aliyekuwa amekaa naye barazani, "Huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja." Basi. Mtani akaitikia kwa kichwa. Na niseme hapa, maana yapo maneno yaliyozungumzwa baadaye: kule juu tulilala moto ukiwa katikati yetu, naye aliuheshimu moto ule kama ukuta wa saruji.

Siku sita zile za kupanda mto sizikumbuki moja moja. Nazikumbuka kama siku moja ndefu isiyo na adhuhuri. Maji yalikuwa machache, mafungu ya mchanga yametoka kila mahali, na mara kumi kwa siku tulishuka na kuukokota mtumbwi kama ng'ombe aliyekataa kwenda. Mmoja alipiga pondo, mwingine alitazama mamba. Siku ya nne vijiji vilikwisha. Hakuna jogoo, hakuna adhana, hakuna moshi. Siku ya tano niliona tembo wanavuka mbele yetu, mama na watoto, wakichukua muda wao, nasi tukangoja tumeshikilia matete. Nilitaka kustaajabu. Nilichofanya ni kulaza kichwa juu ya magoti na kusinzia, mtani akaniamsha walipomaliza.

Ziwa tuliliingia siku ya sita baada ya adhuhuri, kwa mkono mwembamba wa mto uliojaa magugu. Mivumo, ile miti mirefu ifananayo na minazi, imesimama majini, mingine imekufa na kukatika vichwa. Maji meusi, yametulia. Furukombe mmoja, tai mla samaki, alilia, mwingine akamjibu kutoka ng'ambo, na baada ya hapo kimya kikarudi, kimya cha mahali ambapo hakuna mtu anayekuhitaji. Kwangu mimi hilo lilikuwa jambo geni. Nilikaa kwenye mtumbwi nisitake kushuka.

"Umeona?" mtani aliuliza. "Nimesema uongo?"

"Kambale sijamwona bado."

Alimtoa kesho yake, nami nikamwona. Mkia haukubaki nje, lakini haukuwa mbali na ukingo. Palikuwa na kambale, kitoga wenye miiba na mikia mirefu, perege wapana kama sahani za karamu, na yule samaki mwenye mistari na meno ya nje ambaye alizitoboa nyavu zetu kila siku, nami kila mchana nikakaa kuziba. Tulijenga uchanja wa miti mibichi, tukawasha moto wa kuni ngumu chini yake, tukawa tunapasua, tunatandaza, tunageuza. Moshi ulituingia mpaka kwenye wali. Mbung'o walituuma kupitia nguo. Jua likizama sikuwa na nguvu hata ya kunawa, nilikuwa naswali kwa kuchelewa na kuomba radhi kwa hilo pia. Lakini samaki walikuwa wanaongezeka juu ya uchanja, weusi, wakavu, wameshikana, na nilipowatazama nilihisi kitu ambacho sikukihisi miaka yote tisa ya Mahege: kwamba hiki nimekifanya mimi.

Kama tulikuwa ndani ya pori la serikali au nje yake, sijui hadi leo. Mtani alisema nje. Mpaka wenyewe hakuna aliyetuonyesha.

Wiki ya tatu mtani aliamka akitetemeka. Nilidhani ni baridi ya maji. Jua lilipopanda bado anatetemeka, amejifunika kiroba. Tulikuwa na vidonge vya klorokwini, nikampa, akavitapika. Nikampa tena. Siku ya pili akaanza kuzungumza Kimatumbi na mtu ambaye mimi simwoni, na kutokana na sauti yake nikajua kuwa ni marehemu mkewe. Siku ya tatu, kabla jua halijawa kali, akili zilimrudia kidogo.

"Mtani," alisema, "desturi unaijua. Nikifa, wewe ndiye wa kunizika. Usisahau kudai chako."

"Hapa nimdai nani? Nyani?"

Alijaribu kucheka. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nikasimama, nikautazama mtumbwi, nikautazama uchanja.

Hesabu haikuwa ngumu. Mtumbwi ungemchukua yeye amelala, nami nyuma na pondo. Ukiongeza samaki, kila fungu la mchanga tungekwama, na wa kukokota ni mimi peke yangu. Nilichagua samaki watatu wa chakula. Waliobaki niliwafunika kwa nyasi, nikaweka matawi ya miiba kuzunguka uchanja, kisha nikakaa chini na kulia kidogo. Nasema kidogo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa na kazi.

Kushuka mto kulichukua siku tatu na nusu. Mahali pa kina nilikaa na kuuacha mkondo ufanye kazi, nikimmwagia maji kichwani kwa kata. Mahali pa mchanga niliruka nje, nikafunga kamba kiunoni, nikavuta. Kuna fungu moja, sijui la ngapi, nilivuta mtumbwi haukusogea. Nikavuta tena. Nikapiga magoti ndani ya maji yanayofika mapajani na kujiuliza kwa ukweli: ningefanyaje mtu huyu akifa hapa? Na jibu lililokuja, Mungu anisamehe, lilikuwa kwamba ningelala. Ningelala palepale mpaka kesho. Kisha nikasikia anaita, "Mtani, kuna mamba?" Nikamwambia hakuna. Sikuwa nimetazama. Nikasimama, nikavuta kwa bega, mtumbwi ukakubali.

Siku ya pili tulikuta watu wanavuka na magunia. Mwanamke mmoja, Allah amjalie kheri popote alipo, alitupa uji wa mtama na kumkalisha mtani akamnywesha kama mwanawe. Mumewe alituongoza hadi kijijini kwao, kwenye zahanati, mtani akachomwa sindano ya kwinini. Kesho yake jasho lilimtoka kama amemwagiwa ndoo. Akaomba chumvi. Nilijua hapo kwamba hafi.

Nilipofika nyumbani ilikuwa mchana, watu wanatoka msikitini. Nilimwacha mtani kwenye kibanda chake, nikamkabidhi kwa jirani, nikaja kwa miguu. Kaka alikuwa barazani pale nilipomwacha. Alinitazama kichwani, kiunoni pale kamba iliponichubua, miguuni. Kisha akatazama nyuma yangu.

"Samaki wako wapi?"

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu mengi, mengine makali sana, nilikuwa nimeyatengeneza njiani. Badala yake nilikaa chini palepale uani, mbele ya watu, nikaegemea kinu. Wifi alitoka na mtoto mgongoni, akanivua viatu, akaanza kuniosha miguu. Wakati ananiosha alimwambia mumewe, taratibu, bila kuinua macho: "Bwana, huna haya wewe? Dada yako amerudi."

Wiki iliyofuata, nilipoanza kutafuta mtu wa kunirudisha juu nikachukue wale samaki, kaka alisema atakwenda yeye. Nilidhani anatania. Alikwisha kata mti na kujichongea mkongojo mfupi wa kutumia ndani ya mtumbwi.

Tulipanda wote wawili. Alikaa mbele, akipiga kafi kwa mikono ambayo ilikuwa bado na nguvu zake zote. Kwenye mafungu ya mchanga alishuka akichechemea, akaweka bega pamoja nami. Siku ya tano, tukiwa tumekaa juu ya fungu refu tunapumua, aligeuka akatazama tulikotoka, mto wote ule, mchanga mweupe mpaka macho yanapoishia.

"Hapa pote," aliuliza, "ulimteremsha peke yako?"

"Na maji yalikuwa machache hivihivi."

Alichukua mchanga kiganjani, akauacha umwagike. "Mimi nilikuuliza samaki," akasema.

Kwa mtu kama kaka yangu hayo ndiyo maneno ya kuomba radhi, na sikutaka mengine.

Uchanja tuliukuta umeanguka. Miiba imesogezwa upande mmoja, nyasi zimetawanyika, samaki hakuna hata mfupa. Palikuwa na alama za viatu kwenye tope lililokauka. Labda askari wa wanyamapori, labda wavuvi waliosikia habari za ziwa kama sisi tulivyosikia. Kaka alizunguka pale akichechemea, akitukana taratibu. Mimi nilishangaa kuona siumii. Wiki tatu za mikono yangu zimeondoka, na mimi nafikiria tu pa kutandika mkeka. Nikatandika chini ya mvumo, nikalala mchana kutwa, kaka akitega nyavu peke yake karibu na ukingo. Nilipoamka kulikuwa na kitoga anachemka sufuriani. Hakuna mwanamume aliyewahi kunipikia kabla ya siku ile.

Tulikaa siku kumi, tukarudi na mzigo wa kiasi. Haukufika hata nusu ya ule wa kwanza.

Mtani alipopona vizuri alikuja kwa kaka amevaa kanzu, na mtu mzima mmoja wa kwao wa kumsemea. Walizungumza barazani. Kisha kaka akaniita, akasema jibu ni langu mwenyewe, yeye hana la kulazimisha. Nikaomba nizungumze na mtani peke yetu, pale penye mwanga, kila mtu atuone.

"Hunitaki?" aliuliza kabla sijasema kitu.

"Wewe ni mtu mzuri," nilimwambia. "Kama ningekuwa naolewa, ningeolewa na wewe. Lakini nimechoka, mtani. Nikiolewa nitavua na nitapika na nitafua, na jioni utaniuliza chai iko wapi, nawe hutakuwa na kosa, ndivyo mlivyolelewa. Hivi sasa tukitoka majini kila mtu anakwenda kwake kulala."

Alitazama mikono yake. "Mimi nilidhani ungependa kupumzika," alisema.

"Huko ndiko kupumzika?"

Hakukasirika. Alikunywa chai yetu, akaagana na kaka vizuri, akaondoka na mtu wake wa kumsemea. Siku mbili zilipita sikumwona, na nikaanza kufikiri nimepoteza mshirika. Siku ya tatu alfajiri nilimkuta gatini amevaa kaptura yake ya zamani, anatoa maji ndani ya mtumbwi kwa kopo.

Tulivua pamoja misimu mingine saba. Ziwa la juu tulilirudia mara nne, mpaka tulipokuta kambi za watu wengine pale, mitumbwi kumi na zaidi, na perege wanaotoka ni wadogo kama wa nyumbani. Baadaye yeye alirudi milimani, akaoa mjane mwenye watoto wakubwa, akapanda michungwa. Mabega yangu nayo yalikwisha, nikauza nyavu, nikashika jembe la mpunga peke yake.

Mtoto wa wifi, yule wa mgongoni, sasa ni mwalimu. Aliwahi kuniuliza kwa nini sikuandika mambo haya mapema. Nilimwambia kila nilipokaa chini nilisinzia. Alidhani ni mzaha, akacheka sana, nami nikamwacha acheke, nikavuta mto, nikajinyoosha kidogo pale kwenye mkeka kabla ya swala ya alasiri.